Mama wa Jumamosi

Mama Redio, jirani wa mlango wa pili, anavyosimulia ni hivi, na akishaanza humkatizi hata kwa moto: kwamba Jumamosi ile ya kwanza alitoka mapema kufagia kibaraza chake, akamkuta mtoto wa mpiga pasi ametolewa nje kama bidhaa. Nywele zimechanwa zikalala, uso umepakwa mafuta mpaka unang'aa, gauni la njano la sherehe, soksi hadi magotini, ameketishwa kwenye benchi la wateja. Kila mpita njia akikaribia, mtoto anasimama, anakunja mikono na kuimba, "Karibuni wageni, twafurahi kuwaona." Akimaliza, anatoa mkono. Wa kwanza akampa biskuti. Wa pili pipi. Wa tatu, mzee mmoja wa miwani, akatokwa machozi palepale njiani, akaingiza mkono mfukoni.

"Na mama mtu," humalizia Mama Redio, mkono kiunoni, "yuko ndani anapiga pasi kama hayupo. Miaka yote hakumtaka, leo kajua faida yake. Mimi si mwongo jamani. Nina macho mawili na yote mazima."

Ya gauni ni kweli. Ya wimbo nayo ni kweli, mtaa mzima uliusikia. Lakini hapo kwenye "ameketishwa" ndipo Mama Redio alipotia chumvi, tena si ya kijiko. Hakuna aliyemketisha mtoto yule. Alijiamsha mwenyewe, akajiosha, akavaa gauni lililokuja naye kwenye mfuko, akatoka kimya kimya. Mama yake alikuwa ameinamia pasi akipuliza majivu ya mkaa, na aliposikia kuimba alidhani ni ile redio ya jirani. Alipochungulia, pasi nusura imwangukie mguuni.

Mtaani walimwita Mama Pasi. Chumba chake kilikuwa kimoja, mlango wake wa mbele unafungukia barabarani. Karibu na mlango ilikaa meza iliyotandikwa blanketi kuukuu; nyuma ya pazia, kitanda, na sasa kigodoro kipya. Nguo zilizonyooka zilining'inia kwenye kamba juu, kwa hiyo mle ndani mlikuwa kama unaishi chini ya watu wasio na vichwa. Nje, benchi la wateja: ubao mmoja mrefu, miguu minne, mmoja mfupi kuliko wenzake kwa sababu fundi aliyelitengeneza alikuwa na haraka ya kwenda harusini.

Mtoto aliletwa na afisa wa ustawi, mwanadada mwenye faili kubwa kuliko kifua chake. Amri ilikuwa imetoka kwamba nyumba za kulelea watoto zifungwe, kila mtoto arudi kwa watu wake. Mtoto alikuwa na miaka saba na miezi kadhaa. Alikaa Nyumbani, ndivyo walivyoliita lile jumba, tangu alipokuwa na miwili na nusu. Kwa kuwa wasichana wenye jina kama lake walikuwa wanne, walezi walimwita kwa namba ya msumari wake wa taulo. Tisa. Kila nguo yake ilishonwa tisa kwa uzi mwekundu, na ukimwita jina alilopewa na mama yake, hageuki.

Jioni ile ya kwanza alisimama katikati ya chumba, taulo mkononi.

"Msumari wangu uko wapi?"

Mama Pasi akachukua nyundo, akampigilia msumari. Mtoto akautazama.

"Hauna namba."

Mama akaokota kipande cha mkaa, akaandika tisa ukutani. Ile tisa ikatoka kama kiluwiluwi. Mtoto akatundika taulo, akaridhika.

"Mama wa usiku anaingia saa ngapi?"

"Hakuna mama wa usiku. Ni mimi tu. Asubuhi mimi, mchana mimi, usiku mimi."

Mtoto akamwangalia kwa huruma ya mtu mzima. "Hawakupi mapumziko?"

Mama Pasi alicheka. Ilibidi acheke, maana kingine kilichokuwa kinakuja kooni hakikuwa cha kutolewa mbele ya mtoto. Alimwambia, "Mimi ni mama yako." Mtoto akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, mama," kama alivyokuwa akiwaitikia Mama Asubuhi na Mama Usiku na Mama Jikoni, wote waliokuwa mama zake kwa zamu. Alipowasikia wateja wakisema Mama Pasi, akalishika na yeye. Aliona ni jina la kazi kama yale mengine.

Hakuwa mtoto msumbufu, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake. Alikunja shuka kwa pembe kali. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku mama alipojiunguza kwenye kifundo cha mkono, mtoto alikuja bila kuitwa, akapuliza jeraha taratibu, akarudi kuketi mahali pake. Usiku huo mama hakupaka dawa. Aliona haya kuifuta ile pumzi.

Isipokuwa Jumamosi. Jumamosi ya pili mama alifunga mlango, akasema leo tunakaa ndani, tutapika pamoja. Mtoto hakubisha wala hakulia. Alisimama na gauni lake la njano, uso kwenye mbao za mlango, na alichosema ni kimoja: "Leo Jumamosi." Akasimama hivyo mpaka mkojo ukamshuka miguuni, ukalowesha soksi. Mama akafungua mlango.

Basi maneno ya Mama Redio yakatembea, na yalivyotembea yakanenepa. Alhamisi afisa wa ustawi akaja bila taarifa. Mtoto alikuwa shuleni.

"Mama, nimeletewa habari."

"Na aliyeleta namjua, dada. Redio yake haina pa kuzimia."

Afisa alitaka kutabasamu, akajizuia. "Mimi siangalii mdomo uliosema. Mtoto anaombaomba?"

"Haombi. Anaimba. Wanampa wenyewe."

"Anaimba kwa nini?"

"Nikimuuliza anasema leo Jumamosi. Basi."

Afisa akafungua faili juu ya meza ya pasi, kando ya shati la mtu. "Nimepita shuleni kwake asubuhi hii. Nimemuuliza swali dogo tu, mama yako ni nani? Unajua kanitajia wangapi? Watano. Mama Asubuhi, Mama Usiku, Mama Jikoni, Mama Pasi." Akanyanyua macho. "Halafu akasema, lakini wangu hasa ni Mama wa Jumamosi. Ni nani huyo?"

"Simjui."

Na kweli hakumjua. Ila alisikia wivu ukimng'ata palepale, wivu wa kike kabisa, kama mtu aliyeambiwa kuna mwanamke mwingine.

"Sikiliza, mama. Mimi si adui yako." Afisa alishusha sauti. "Ni mimi niliyeandika kwamba unafaa. Lakini nina mwezi mmoja wa kuangalia, na unaishia keshokutwa. Mtoto aliyefika kwao hakai barabarani kungoja wageni. Nitakuja Jumamosi nione kwa macho yangu. Nikimkuta vile, naye hajui mama yake ni nani, nitaandika kwamba hapa hapakumfaa. Kule Nyumbani wanafunga. Atapelekwa kwa familia ya kulea, na iliyo tayari iko mbali, mji mwingine kabisa."

"Mbali kiasi gani?"

Afisa alifunga faili. "Mbali, mama."

Ijumaa Mama Pasi hakuwasha pasi. Alimpeleka mtoto shule, akaunganisha njia kwa miguu mpaka Nyumbani. Alikuwa hajakanyaga pale zaidi ya miaka mitatu. Geti lilikuwa wazi, halina mlinzi. Uani vitanda vidogo vya chuma vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, vinangoja gari. Ndani, ukutani, misumari arobaini na namba zake, bila taulo hata moja. Kwenye korido alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo, ameketi sakafuni, anakunja shuka ambazo hakuna atakayezilalia. Mama Usiku.

"Kama umefuata mtoto, wamekwisha," alisema bila kugeuka. "Nimebaki mimi na panya, na panya nao wanafungasha."

"Nimekuja kuulizia mwanamke. Mama wa Jumamosi."

Mama Usiku aligeuka. Alimtazama juu mpaka chini, akasogea mpaka mwangani, akamtazama tena.

"Unanitania?"

"Sikutanii, mama. Mwanangu ndiye anayemtaka. Nataka nimjue, hata nimpigie magoti, aje amwambie mtoto mimi ni nani."

"Mwanangu," alisema Mama Usiku, na shuka ikamponyoka, "huyo si ni wewe?"

Mama Pasi alikaa chini palepale kwenye saruji.

Ndipo mambo yakamrudia, moja linavuta jingine. Kifua kikuu kilichomkamata yeye, mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wodi ya mwaka mmoja na nusu, dawa za kuunguza tumbo, na yeye hana ndugu wa kumwachia mtoto. Baadaye, alipoanza kupata nafuu, daktari alimruhusu kwenda kumwona, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa masharti: akae nje kwenye hewa, asimguse mtoto, kitambaa kisimtoke mdomoni. Alikuwa na kitambaa kimoja tu kizuri, cha kijani. Alikifunga kutoka puani mpaka kidevuni. Uani palikuwa na benchi refu. Yeye ncha hii, mtoto ncha ile. Kila Jumamosi alikuja na yai la kuchemsha, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumpa mkononi, alilibingirisha juu ya ubao. Mtoto alilidaka kwa viganja viwili, akicheka mpaka anakaribia kuanguka. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao. Kengele ikilia, anaondoka.

Mpaka siku Mkuu wa Nyumbani alipomwita ofisini. Alikuwa na meza pana na kalamu tatu mfukoni. Alisema, mama, unamvuruga mtoto. Ukiondoka analia siku mbili, hali chakula. Kama unampenda, mwache atulie, utakuja kumchukua ukiwa na chumba na kazi. Naye alikuwa mtu wa darasa la saba, mgonjwa, mbele ya kalamu tatu. Alisema ndiyo, bwana. Chumba na kazi vikachukua zaidi ya miaka mitatu.

"Alitulia?" aliuliza sasa.

"Alitulia vipi?" Mama Usiku alikuwa analia bila kujificha, akijifuta kwa shuka. "Tulikuwa walezi watatu, watoto arobaini. Akilia tunamwambia, nyamaza, jioshe, vaa vizuri, ukae kwenye benchi, Mama wa Jumamosi atakuja. Akawa ananyamaza. Dawa imefanya kazi, ungeiacha? Wageni nao walikuwa wanakuja Jumamosi, watu wa zawadi, watoto wanaimbishwa. Yeye aliimba akichungulia nyuma ya migongo yao. Kila mwanamke aliyeingia alimtazama hapa." Akaweka kidole mdomoni pake.

"Lakini mimi niko naye. Kila siku niko naye."

"Mwanangu, yule mtoto hajawahi kuuona mdomo wako. Ulikuwa mfupa na macho. Leo umenawiri, una mashavu. Atakujuaje?"

Kurudi kwake hakuona njia. Lakini chini ya maumivu yale kulikuwa na furaha inapapatika, hata akawa anaiogopa. Mwanamke aliyekuwa akimwonea wivu ni yeye mwenyewe. Mtoto hakumsahau. Kwa wiki nne mtoto alikuwa amekaa mlangoni pake, anamngoja yeye.

Chumbani kwake alifungua sanduku, akatoa nguo mpaka chini kabisa. Kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa kimepauka kwenye mikunjo, na kona moja bado ilinuka dawa ya wodi. Jioni akachemsha yai. Mtoto alikuwa anaangalia.

"La nani?"

"La kesho," alisema mama, na akageuza uso asimwone anavyotabasamu.

Jumamosi mtoto aliamka kama kawaida yake, akajiosha, akavaa njano, akatoka. Mama hakumzuia; aliwasha pasi, akaiweka mezani. Afisa wa ustawi alifika saa tatu kamili na faili lake. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto kwenye benchi, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekwishaandika.

"Dada," Mama Pasi alimshika mkono, akamvuta ndani. "Nipe dakika kumi. Usiniulize kitu. Kaa hapa kwenye kiti, uangalie nje."

"Mama, nini tena?"

"Dakika kumi tu. Ukishaona ndipo uandike."

Alitokea mlango wa nyuma, akapita uchochoroni kwenye mabeseni ya kufulia, akazunguka duka la kona. Pale kwenye kona alikifunga kitambaa, kutoka puani mpaka kidevuni. Kisha akashika barabara, anakuja kwa mwendo ule wa zamani wa mtu asiye na pumzi, na hakuwa anaigiza. Mama Redio, kwenye kibaraza chake, aliacha kufagia, ufagio ukabaki hewani.

Mtoto alikuwa amesimama tayari kuimba. Akamwona. Mikono iliyokunjwa ikashuka.

Hakukimbia. Alirudi nyuma, akaketi kwenye ncha kabisa ya benchi, miguu pamoja, mgongo wima, kama walivyomfundisha. Mama akaketi ncha ya pili. Akatoa yai mfukoni, akaliweka kwenye ubao, akalisukuma kidogo. Likabingirika kwa kusitasita, likaelekea upande wa ule mguu mfupi, likashika njia. Mtoto akalidaka kwa viganja viwili.

Akacheka. Wiki nne mama yake hakuwahi kusikia kicheko kile. Kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu, kimehifadhiwa kama kilivyokuwa.

"Umechelewa sana," mtoto alisema.

Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Nilikaa vizuri. Kila Jumamosi. Hata huku walikonihamishia nilikaa." Alilibana yai kifuani. "Huku hakuna kengele. Kwa hiyo huna haja ya kuondoka peke yako. Nichukue. Mfuko wangu uko tayari, uko chini ya godoro." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Mama Pasi hatakasirika. Yeye ni mzuri. Ananikatia mkate upande wenye ganda, na ana kidonda hapa mkononi. Nitamuaga kwanza. Halafu twende."

Mama Pasi hakuweza tena. Alishika kile kitambaa, akakishusha mpaka shingoni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, uso wote umelowa.

"Mwanangu, niangalie. Ni mimi. Ni mimi yuleyule. Hatuendi popote, tumeshafika."

Mtoto alimwangalia. Aliangalia mdomo, mashavu, akashuka mpaka mkononi, kwenye kidonda alichokuwa amekipuliza mwenyewe. Kisha akainua macho, akatazama barabara yote kule alikotokea yule mwanamke, mpaka kwenye kona ya duka. Hapakuwa na mtu. Akaitazama kwa muda mrefu hata hivyo.

"Umekipata wapi?" aliuliza.

"Ni changu. Kilikuwa changu siku zote."

"Ni chake." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa chini, kama unavyosema na mtu uliyemkuta na kitu cha wizi nawe hutaki aaibike mbele za watu. Akalirudisha yai kwenye ubao, akalishikilia kwa kidole lisibingirike. "Na hili pia ni lake. Mrudishie, Mama Pasi. Mrudishie kabla hajaja. Akija bila kitambaa, mimi nitamjuaje?"

Mlangoni afisa alikuwa amesimama, kalamu wazi mkononi, haandiki. Ndani, juu ya meza, pasi ilikuwa imesahauliwa na harufu ya blanketi linaloungua ilianza kutoka.

Mtoto alivuta soksi zake zikafika magotini, akakunja mikono mapajani.

"Utamrudishia?"